Jua litakula tu: namna ninavyokinga plastiki, naironi na maturubai

Kazi yangu ni kushona na kurekebisha maturubai, mahema, mifuko ya safari, na vifuniko vya magari na mashua. Nina miaka 19 kwenye kazi hii, na maneno ninayoyasikia zaidi mlangoni ni haya: "Fundi, kitambaa hiki kimeoza, nitafutie kingine." Huwa sijibu. Nashika mshono kwa vidole gumba viwili, nauvuta pande mbili, na vipande vinaachana bila ubishi. Kisha namwonyesha mwenyewe: kitambaa ni kizima, kilichokufa ni uzi. Nageuza turubai, nampa mshono wa upande wa ndani ambao haujawahi kutazama jua. Uzi ule ule, ulioshonwa siku ile ile, na akijaribu kuukata kwa mkono unamuumiza kidole kabla haujakatika.

Karibu kila ushauri ninaoutoa unatoka kwenye mshono huo. Jua lazima lile kitu. Kazi yako ni kuchagua litakachokula: kiwe cha bei ndogo, kiwe chepesi kubadilisha, na kikae mbele ya kile unachokithamini.

Kinachoharibu ni mwanga kuliko joto

Watu wengi husema plastiki "imeungua". Joto linachangia, ila mkosaji mkuu ni ile sehemu ya mwanga isiyoonekana, mionzi ya urujuanimno. Tabaka la ozoni huzuia mawimbi yake mafupi kabisa, na yanayotufikia huku chini ni ya kuanzia kama nanomita 290 hadi 400. Ni sehemu ndogo ya nishati yote ya jua, takribani asilimia 5, lakini inatosha kukata minyororo mirefu ya molekuli ambayo ndiyo plastiki yenyewe. Mnyororo ukikatika, ncha zake hudakwa na oksijeni ya hewani, na hapo huzaliwa vipande vikorofi vinavyoshambulia minyororo ya jirani. Ndiyo maana kitu hukaa muda mrefu bila dalili, kisha kikaharibika kwa kasi.

Uharibifu huanzia juu. Ngozi ya nje hukakamaa, husinyaa na kufanya nyufa ndogo mno, huku ndani plastiki ikiwa bado nzuri. Siku unapoikunja au kuikalia, ufa mmoja wa juu hukimbia mpaka ndani. Kwa hiyo ndoo iliyopauka kidogo inaweza kupasuka ghafla ikiwa imejaa maji, na mwenyewe akaapa kwamba jana ilikuwa nzima.

Joto lenyewe huharakisha mambo. Kwa makadirio ya kikemia, mwendo wa mabadiliko kama haya huongezeka kama mara mbili kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi. Dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani hupata vyote viwili kwa pamoja, mwanga na joto, na ndiyo maana huchoka mapema kuliko viti vya nyuma vya gari lile lile.

Kagua kwanza

Kabla hujanunua chochote cha kupaka, fahamu uharibifu umefikia wapi. Chukua kitambaa cheusi chenye unyevu, futa. Kikitoka na unga mweupe kama chaki, ngozi ya juu imeshaachia na rangi iliyomo ndani inabaki unga. Pindo la dirisha la hema, kona ya kifuniko, mpini wa ndoo: kunja kidogo. Ukiona mstari mweupe unabaki pale ulipokunja, au ukisikia mlio mdogo wa kukatika, hakuna dawa ya kupaka itakayorudisha nguvu. Nasema hivi kwa sababu chupa nyingi zinazouzwa huahidi "kufufua" plastiki. Zinarudisha mng'ao. Minyororo iliyokatika haiungwi na mafuta.

Kwa vitu vya kushonwa, jaribu uzi upande unaotazama juu. Ukikatika kwa kucha, usingoje upepo ukufanyie kazi hiyo.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda, halina gharama. Tafuta karatasi za gazeti la zamani, zikate vipande, na kila kimoja ukifunike nusu kwa kitabu au ubao. Viweke mahali unapohifadhi vitu vyako: dirishani, barazani, chini ya mti, ndani ya gari, stoo. Rudi baada ya wiki. Karatasi ya gazeti hugeuka njano upesi inapopigwa na mwanga, kwa hiyo tofauti kati ya nusu iliyofunikwa na nusu iliyo wazi itakuonyesha pembe zenye jua kali kuliko ulivyodhani. Mimi ndivyo nilivyogundua kwamba rafu yangu ya nyuzi, ambayo jua haliifikii moja kwa moja, ilikuwa inapokea mwanga mwingi uliorudishwa na ukuta mweupe wa nje.

Na hapo kuna kosa la kawaida: kudhani kivuli chochote ni kivuli. Mionzi ya urujuanimno hutawanyika angani, na sehemu kubwa yake, wakati mwingine nusu nzima, hutoka pande zote za anga wala si kwenye jua lenyewe. Kitu kilicho chini ya mti mmoja, kinachoona anga pande tatu, bado kinaliwa, ila polepole. Mawingu mepesi nayo hayazuii sana. Mchanga mkavu, theluji na kuta nyeupe hurudisha mwanga. Kivuli cha kweli ni kile ambacho ukilala pale penye kitu na kutazama juu, huoni anga.

Plastiki haziko sawa

Geuza kitu chini, utafute alama ya pembetatu yenye namba. Namba 5 ni polipropilini: vibanio vya nguo, viti vingi vya bustani, masanduku, kamba za rangirangi zinazoelea majini. Isipowekewa kinga kiwandani, hii ni miongoni mwa zinazokufa mapema kabisa. Umeshaona kibanio kilichoachwa kwenye kamba ya nguo kikivunjika mkononi kama biskuti? Ndiyo hiyo. Dawa yake ni kikapu: toa vibanio pamoja na nguo, kila mara. Kamba ya aina hiyo ikianza kuota manyoya na kuacha vijiti vidogo viganjani, usiitundikie kitu chochote kilicho juu ya kichwa cha mtu.

Namba 2 na 4 ni poliethilini: madumu, matangi ya maji, maturubai mepesi ya kufumwa. Huvumilia zaidi kidogo. Namba 3 ni PVC, ambayo juani hugeuka njano, kisha kahawia, na ile laini hukakamaa kwa sababu kilichoilainisha kinaondoka. Namba 6, polistairini, hugeuka njano na kuvunjika. Namba 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki, na humo imo polikaboneti ya taa za magari na mapaa ya kuangaza, ambayo ni ngumu kuvunja kwa nyundo lakini hugeuka njano isipokuwa na tabaka la kinga. Akriliki angavu ni dhaifu kwa kugongwa, ila jua haliibabaishi.

Kwenye vitambaa, naironi ina nguvu sana siku ya kwanza na huzipoteza upesi juani. Poliesta huvumilia zaidi, hasa nyuma ya kioo. Kwa kitu kitakachokaa nje mwaka mzima mimi huchagua kitambaa cha akriliki ambacho rangi yake ilichanganywa ndani kabla uzi haujavutwa. Kile kilichochovywa rangi baadaye hupauka mbele ya macho yako. Kichekesho kwangu ni Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi. Mwanga wa jua huzidhoofisha vibaya, ndiyo maana huwa zimefichwa ndani ya kitambaa kingine.

Sasa rangi. Ukiwa huna uhakika, chukua nyeusi. Weusi wa plastiki iliyotengenezwa vizuri hutoka kwenye masizi ya kaboni, ambayo hunyonya mionzi kabla haijaingia ndani. Mabomba meusi ya maji ya poliethilini huwekewa masizi hayo kama asilimia 2 hadi 2.5, na kiasi hicho kinatosha kuyapa miaka mingi ya kukaa nje. Linganisha vile vikanda vya plastiki vyenye meno vya kufungia nyaya. Vyeupe nilivyofungia taa za nje vilianza kudondoka kabla mwaka haujaisha. Vyeusi vilivyotengenezwa kwa matumizi ya nje viko pale mpaka leo. Weusi hupasha kitu joto, ni kweli, na kwa kiti cha kukalia hiyo ni kero. Lakini kwa bomba, kamba na kanda, mkataba ni mzuri.

Lebo ikisema kitu kina kinga ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno, amini kwa kiasi. Kinga hizo ni kemikali zilizochanganywa humo, nazo hutumika zikaisha. Zinasogeza siku mbele.

Uzi, kona na macho ya turubai

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko ninakolala na kuamkia.

Ukiagiza kifuniko au turubai, uliza uzi kabla hujauliza kitambaa. Uzi wa pamba huoza kwa maji, wa naironi huliwa na jua. Omba uzi wa poliesta nene ya kazi za nje. Kwa kitu cha ghali, upo uzi wa PTFE, plastiki ile ile ya vikaango visivyoshika, ambao jua haliufanyi kitu. Bei yake ni mara kadhaa ya poliesta, na ni mtelezi kushona, lakini kuna vifuniko nimevibadilisha kitambaa na uzi wa zamani nikaukuta bado una nguvu.

Mwambie fundi aukunje mshono ili safu moja ya uzi ifichwe ndani ya pindo. Mshono wenye safu mbili zote juu ni safu mbili za kuliwa. Kama turubai limeshashonwa, bandika ukanda wa utepe wa kitambaa juu ya mshono, au ushone kipande chembamba kuufunika. Kipande hicho ndicho chakula cha jua. Baada ya miaka michache unakitoa na kuweka kingine, na mshono wa chini haujui kilichotokea.

Turubai likilegea hupigapiga, na nyuzi zilizokwisha kukakamaa hukatika kwa kupigwapigwa huko. Likaze, lakini lifunge kwa mpira kwenye macho yake, yale matundu ya pembeni ya kupitishia kamba, ili upepo uwe na pa kupumulia. Na ukilishusha, likauke kwanza kivulini; usilianike juani siku tatu "likauke vizuri". Nyavu na kamba za naironi vivyo hivyo.

Usifunike kitu kwa karatasi nyembamba ya plastiki ukadhani umekiokoa. Nilifanya hivyo kwa tangi langu mwenyewe. Ndani ya miezi michache ile karatasi ilikuwa vipande vidogo vikipeperuka kila pembe, na kuviokota kulinichukua jioni nzima. Blanketi kuukuu la pamba lingefanya kazi ile kwa heshima zaidi. Kifuniko kizuri kinazuia mwanga, kinapitisha hewa, na hakigusani moja kwa moja na kitu: weka nafasi ya vidole vichache ili joto litoke.

Kupaka rangi

Rangi isiyopenyeza mwanga ni ngozi ya kuliwa, na inafaa sana kwa matangi meupe yanayoangaza, kwa sababu pia huzuia mwani kuota ndani. Shida ni kwamba poliethilini na polipropilini hazipendi kushikwa na rangi. Osha kwa sabuni, suuza, kausha, sugua kwa msasa namba 220 mpaka mng'ao wote uishe, kisha paka rangi ya msingi iliyoandikwa kuwa ni ya plastiki. Ukiruka hatua hiyo rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Baada ya hapo rangi ya maji ya akriliki, tabaka mbili, nyepesi kila moja. Ikiwa ni nyeupe, weka nyeusi au kijivu chini yake, maana nyeupe nyembamba bado hupitisha mwanga.

Thina usiisogeze karibu na polikaboneti. Niliwahi kufuta gundi kwa thina kwenye dirisha angavu la kifuniko cha mashua, na asubuhi nilikuta nyufa kama utando wa buibui. Nilililipa mwenyewe.

Losheni ya kukinga ngozi ya binadamu na jua haifai kwa plastiki. Kuna aina zinazoacha madoa na kulainisha uso wa plastiki, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kushika dashibodi.

Taa za gari zilizogeuka njano

Watu wengi huniletea kifuniko cha gari na kuniuliza juu ya taa, basi nimejifunza. Kiwandani taa ya polikaboneti hupakwa tabaka gumu la kinga. Unachokiona kikiwa njano na ukungu ni tabaka hilo lililochoka pamoja na plastiki iliyo chini yake. Dawa ya meno husafisha, kwa sababu ni unga wa kusugulia tu, na kwa wiki kadhaa utajisifu. Lakini umeondoa kinga iliyobaki bila kurudisha nyingine, na njano itarudi haraka kuliko mara ya kwanza.

Fanya hivi, kivulini, taa ikiwa baridi. Osha. Funika bodi pembeni kwa utepe wa karatasi, tabaka mbili. Sugua kwa msasa wa maji namba 800 ukiendelea kulowesha. Maji yatatoka ya njano, endelea mpaka yatoke meupe. Hapo usiwe na haraka, maana doa la njano ulilolibakiza litakucheka chini ya vanishi. Nenda namba 1000, ukisugua kwa kukatisha mwelekeo wa kwanza ili uone mikwaruzo ya awali ikiisha, kisha 2000. Suuza, kausha, futa kwa spiriti. Sasa chagua. Ukitaka kupaka vanishi angavu ya magari yenye kinga ya UV, ishia hapo, kwa sababu vanishi huhitaji mikwaruzo midogo ya kushikia, nayo itaijaza na taa itang'aa. Fuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo. Usipotaka vanishi, endelea na namba 3000 na dawa ya kung'arishia, halafu nta yenye kinga, na ukubali kurudia nta hiyo kila mwezi au miwili.

Ndani ya gari mambo ni mepesi. Kinga ya kuakisi mwanga nyuma ya kioo cha mbele kila unapoegesha inashinda chupa zote za mafuta ya dashibodi. Vioo vya kawaida huzuia karibu mionzi yote mifupi, lakini hupitisha sehemu kubwa ya ile mirefu zaidi ya urujuanimno. Kioo cha mbele, kwa kuwa kina utando wa plastiki katikati, huzuia zaidi kuliko vya pembeni. Ukiweka tinti, uliza inazuia UV kiasi gani. Giza lake halikuambii kitu: ipo angavu kabisa inayozuia karibu yote, na ipo nyeusi inayokufichia sura tu.

Si kila kitu ni jua

Soli ya kiatu iliyomomonyoka ndani ya sanduku lenye giza haikuliwa na jua. Hiyo mara nyingi ni poliurethani iliyoharibiwa na unyevu. Nyufa za ubavuni mwa tairi lililosimama muda mrefu huletwa pia na ozoni iliyomo kwenye hewa ya huku chini. Tairi lina nta ndani yake inayopanda juu pale tairi linapozunguka, kwa hiyo gari lisilotembea hukosa kinga hiyo. Lifunike magurudumu, na ulitembeze mara kwa mara. Kompyuta au kifaa kingine cha ABS, ile plastiki ngumu ya maganda ya vifaa, kilichogeuka njano kinaweza kurudishiwa weupe kwa haidrojeni peroksaidi, lakini wepesi wa plastiki kuvunjika unabaki vile vile. Shika kwa upole vile vishikizo vya ndani.

Vinavyobeba uzito

Kwa ndoo na beseni, ukibahatisha utalowa. Kwa kiti, ngazi ya kamba, mkanda wa kufungia mizigo, bembea ya mtoto au kamba ya kupandia, hakuna kubahatisha. Kiti kikitoa unga, geuza uangalie pale mguu unapoungana na kikalio. Ukiona nyufa nyembamba hapo, kivunje mwenyewe kwa mguu kabla mgeni hajakalia. Mkanda wa mizigo uliopauka upande mmoja na kukakamaa, ukate vipande ili mtu asije akauokota na kuutumia.

Kila kitu kipya cha aina hiyo nakiandika mwezi na mwaka nilioanza kukitumia. Naandika upande wa chini au ndani ya pindo, kwa kalamu ya wino mweusi, kwa sababu mkanda wa kwanza niliouandika juu ulinirudia baada ya miaka miwili ukiwa mweupe, tarehe imeshaliwa.